Sungura wa Ndani: Pesa Iende Sakafuni, Si Kwenye Kizimba

Anayetaka kufuga sungura ndani ya nyumba jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya sungura, kisha bei ya kizimba. Yote mawili ni maswali ya pembeni. Sungura mwenyewe ndiye kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika shughuli hii, na kizimba cha dukani, kwa maoni yangu, hakistahili pesa inayotozwa. Gharama zenyewe ziko kwingine: sakafu, nyasi kavu, joto la kaskazi, na daktari wa mifugo anayemjua sungura. Tena ni gharama za muda mrefu. Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, kwa hiyo mzazi anayemnunulia mtoto wa darasa la pili sungura leo anajifunga na mnyama huyo mpaka mtoto amalize kidato cha nne, na huenda zaidi.

Bei nitakazozitaja humu ni makadirio ya kupigia hesabu. Badala yake weka bei ya mtaani kwako, maana Arusha si Dar, na anayejua kupatana halipi sawa na asiyejua. Vipimo ndivyo visivyobadilika, na ndivyo vinavyoamua nani kanunua vizuri.

Tuanze na kipimo cha nafasi. Rabbit Welfare Association & Fund, shirika la Uingereza linaloshughulikia ustawi wa sungura, linashauri sungura wawili wapewe eneo lisilopungua mita 3 kwa mita 2, na mita 1 kwenda juu, tena liwe eneo moja lisilokatwakatwa ambalo wanalipata usiku na mchana. Kwa mpangaji wa chumba na sebule hiyo ni sehemu kubwa, najua. Lakini sababu yake ni ya mwili wa mnyama mwenyewe. Mifupa ya sungura ni myepesi mno, karibu asilimia 7 hadi 8 tu ya uzito wake wote, ilhali ya paka ni 12 hadi 13. Misuli ya miguu ya nyuma, kinyume chake, ina nguvu kubwa. Asiporuka na kukimbia, mifupa hiyo huzidi kudhoofika. Siku akishtuka na kurusha teke kwa nguvu, anaweza kujivunja uti wa mgongo yeye mwenyewe. Anahitaji kuruka hatua tatu mfululizo bila kugonga ukuta, kulala amejinyoosha, na kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yakiwa wima bila kugusa juu.

Sasa pima kizimba. Vingi vinavyoletwa kutoka nje na kuuzwa kuwa ni vya sungura vina urefu wa kama sentimita 100 na upana wa 55. Hiyo ni nusu mita ya mraba na ushei kidogo, chini ya sehemu ya kumi ya eneo nililolitaja. Tuseme kimeuzwa shilingi 150,000. Ukigawa bei hiyo kwa eneo, umelipa zaidi ya shilingi 270,000 kwa kila mita ya mraba. Hesabu hii ya bei kwa mita ya mraba ndiyo ninayomsihi kila mnunuzi aifanye kabla ya kutoa pesa mfukoni, kwa sababu inabadilisha kabisa mpangilio wa kilicho ghali na kilicho rahisi.

Tatizo la pili la kizimba liko chini ya miguu. Paka na mbwa wana vitakia laini kwenye nyayo. Sungura hana, ana manyoya tu. Akiwekwa juu ya waya siku nzima, manyoya yale hulika, ngozi huchubuka, na vidonda vya kisigino huanza. Vikishaingia hadi kwenye mfupa, matibabu yake ni ya miezi na mara nyingi hayafaulu. Anayekuuzia atakuambia waya unasaidia usafi kwa kuwa kinyesi kinaanguka chini. Ni kweli, kinaanguka, lakini anayelipia usafi huo ni mnyama. Kama umeshakinunua, usikitupe: ondoa mlango, funika sakafu yake ubao au mkeka, kiwe pango la kujificha ndani ya eneo kubwa.

Chaguo la pili ni banda la mbao la fundi seremala. Mafundi wa Keko wanaweza kukutengenezea kitu kizuri cha ghorofa mbili, tuseme sentimita 120 kwa 60 kila ghorofa, kwa shilingi 180,000. Ghorofa mbili zinatoa mita ya mraba 1.44, yaani shilingi 125,000 kwa mita. Ni nafuu kuliko kizimba, lakini bado ni ghali, na mbao ina mambo yake. Inanyonya mkojo, na mkojo wa sungura umejaa chokaa. Baada ya miezi michache pembe za banda zina ukoko mweupe na harufu isiyotoka hata kwa sabuni. Ndani ya nyumba iliyofungwa harufu hiyo si kero tu, inaumiza mapafu ya sungura kabla haijamfikia mwenye nyumba.

La hatari zaidi ni aina ya mbao yenyewe. Ukifika kwa fundi, chagua mbao kwa macho yako. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa mara nyingi zina rangi ya kijani, na ukiukata ubao utaona kijani kimeingia ndani kutoka kingo zote huku katikati pakiwa na rangi ya asili. Kwa paa la nyumba ni mbao nzuri kabisa. Kwa sungura ni sumu, maana atautafuna ubao kila usiku; meno yake ya mbele hukua milimita 2 hadi 3 kwa wiki maisha yake yote, na lazima ayapunguze. Fundi anaweza kukuwekea vipande vya kenchi vilivyobaki kazini bila nia mbaya, kwa kuwa kwake vipande hivyo ndivyo imara. Mwambie waziwazi kwamba mnyama atakula banda hili, na ulipie ubao ghafi. Rangi ya mafuta na vanishi usizitake ndani kabisa.

Chaguo la tatu, ambalo ndilo ninalolipigia debe, ni uzio wa paneli za chuma uliowekwa kwenye kona ya chumba. Angalia jinsi hesabu inavyokaa. Eneo la mita 3 kwa 2 lina mzunguko wa mita 10, lakini ukilisukuma kwenye kona, kuta mbili zinakufanyia kazi ya mita 5 bure. Unabaki na mita 5 za kuzungushia: paneli tano za mita moja moja. Fundi wa kuchomelea, tuseme pale Gerezani, akikufanyia kila paneli kwa shilingi 40,000 pamoja na bawaba na mlango, jumla ni 200,000. Gawa kwa mita za mraba sita: shilingi 33,000 na ushei kwa mita. Umelipa 50,000 tu zaidi ya mwenye kizimba, na sungura wako amepata eneo mara kumi na moja. Siku ya kuhama nyumba, unazikunja paneli na kuzipakia kwenye bajaji ya mizigo.

Agizo lako kwa fundi liwe na mambo haya. Urefu kwenda juu usipungue sentimita 90, na mita moja ni bora, kwa sababu uzio wa sentimita 60 unaouzwa kwa ajili ya watoto wa mbwa sungura mwenye afya anauruka. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 2.5. Mafundi wengi watakupa nafasi ya geti la dirisha, ambamo ngumi inapita. Humo kichwa cha sungura kitaingia na kukwama. Pima kwa vidole viwili vilivyobanana: vikipita kwa kulegea, ongeza idadi ya nondo. Kisha, kabla ya kulipa pesa ya mwisho, chukua kitambaa chakavu cha pamba na ukipitishe kwenye kila kiungo kilichochomelewa, juu hadi chini. Kitambaa kikinasa, pana ncha kali, na ncha hiyo ndiyo itakayochana pua au kope. Mrudishie fundi asage hapo hapo. Rangi ipigwe mapema na paneli zikae nje siku kadhaa hadi harufu iishe.

Chaguo la nne ni kumwacha huru chumba kizima. Wapo wanaoona hii ndiyo rahisi, kwa kuwa hakuna cha kununua. Mimi naiona kuwa nzuri kuliko zote kwa mnyama, lakini si ya bure. Kila waya ulio chini ya kimo cha goti lazima ufichwe. Sungura wa porini hukata mizizi inayomzuia njia ndani ya shimo lake, na waya wa chaja, kwake, ni mzizi. Anaukata kwa pigo moja, mara nyingi bila hata kuula. Waya wa simu ni hasara ya elfu chache; waya wa friji ni kifo chake, na huenda ni moto kwa nyumba nzima. Mifereji ya plastiki ya kupitishia nyaya inauzwa maduka yote ya vifaa vya umeme, na hata ukihitaji mita kumi na mbili kwa shilingi 2,000 kila mita, ni 24,000. Linganisha na friji. Sehemu isiyowezekana kufunikwa, kama nyuma ya kabati la televisheni, iwekewe kizuizi cha chuma.

Zaidi ya nyaya, kuna uwazi wa chini ya kochi ambako atachimba hadi kwenye sponji na kuila; sponji haimeng'enyeki, na sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoziba kimeziba. Kuna nyuma ya friji kwenye mota ya moto. Kuna milango na fremu za mwenye nyumba, na hapa mpangaji asome mkataba wake, kwa kuwa fremu iliyotafunwa italipwa. Ushauri wangu ni kuanza na uzio, kisha kumfungulia chumba saa ambazo mtu mzima yupo macho, na kuongeza saa hizo kadiri unavyomjua tabia.

Kuhusu roshani nina neno fupi: usithubutu. Inaonekana kama chumba cha bure, yenye hewa na rahisi kuosha. Lakini jua la saa nane mchana linaipasha sakafu, paka wa jirani anaifikia, na kunguru wa Dar es Salaam, wale weusi wenye shingo ya kijivu waliotoka India kupitia Zanzibar, ni wawindaji hodari wa kila kitu kidogo. Sungura akishtuka anaweza kufa kwa mshtuko wenyewe hata kama hajaguswa.

Sasa sakafu, mahali ambapo pesa ndogo inafanya kazi kubwa. Nyumba nyingi za kupanga za sasa zina marumaru. Kwa sungura marumaru ni utelezi mtupu: miguu inafunguka pembeni, nyonga zinaumia, na baada ya siku chache anakataa kutembea kabisa. Kwa hiyo pana haja ya kitu cha kukanyagia, na sokoni kuna njia tatu kubwa. Kapeti lenye nyuzi za plastiki linavutia macho, lakini nyuzi zake ndefu zikimezwa hujisokota tumboni. Mkeka wa plastiki, ule wenye maua unaotandikwa kwenye shughuli, una hatari ileile; anaanza pembeni, anang'oa vipande vyembamba na kuvimeza. Mkeka wa ukili ndio jibu. Ni jani la mmea mtupu, una mkwaruzo wa kutosha nyayo zisiteleze, na akiutafuna, amekula nyuzi za mmea, hakuna dhara. Chagua usiotiwa rangi. Mikeka mitatu ya shilingi 15,000 inatosha eneo la mita sita, na hata ukilazimika kuibadilisha mara mbili kwa mwaka, jumla ni 90,000, pungufu ya kapeti moja zuri. Ni jambo la kunifurahisha kwamba bidhaa bora kuliko zote katika orodha hii inasukwa na akina mama wa pwani yetu wenyewe.

Lakini usifunike sakafu yote. Acha theluthi moja ya marumaru wazi, kwa sababu ya joto.

Joto ndilo linalotofautisha ufugaji wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja na ule wa Arusha au Nairobi. Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa na watu wanaohangaika na baridi. Sungura hustarehe katika nyuzijoto 15 hadi 21 hivi. Ikipita 28 anaanza kutaabika, na ikikaribia au kupita 30 maisha yake yako hatarini. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana wa Dar es Salaam hupita nyuzi 30 kama jambo la kawaida, tena kwa fukuto. Na sungura hatoki jasho wala hawezi kuhema vizuri kama mbwa. Anategemea masikio yake yenye mishipa mingi ya damu kutoa joto. Ukimkuta amelala bapa, pua ikicheza haraka, mdomo wazi au umelowa, na masikio ya moto na mekundu kwa ndani, usisubiri. Lowesha masikio kwa maji ya kawaida ya bomba, yasiwe ya barafu, mpeleke penye ubaridi, na mpigie daktari.

Chaguo za kupambana na joto zinatofautiana bei sana. Feni ya wati 50 ikizunguka saa 10 kwa siku inakula nusu uniti ya LUKU, yaani uniti 15 kwa mwezi. Ni rahisi, lakini feni hutupoza sisi kwa kukausha jasho, na sungura hana jasho la kukaushwa. Kumpulizia hewa ya nyuzi 32 ni kumpa upepo wa moto. Feni inafaa inapopita juu ya kitu cha baridi kwanza. Kiyoyozi cha wati 900, kikifanya kazi mfululizo saa 10, ni uniti 9 kwa siku; hata ukikata theluthi kwa kuwa hujizima chumba kikipoa, unabaki na uniti 180 kwa mwezi, mara kumi na mbili ya feni. Wengi wetu hatuwezi, na si lazima. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa kwenye friji, zikafungwa kwenye kitambaa na kulazwa juu ya marumaru, ndizo kiyoyozi cha sungura. Atajibana nazo mwenyewe. Moja ikiwa kazini, nyingine iko kwenye friji. Umeme ukikatika, chupa zilizokwisha kuganda bado zinakupa saa kadhaa, jambo ambalo kiyoyozi hakiwezi kukupa.

Kabla ya hayo yote, chagua chumba. Chumba kisichopigwa na jua la magharibi, chenye madirisha mawili yanayotazamana, kina thamani kuliko kifaa chochote. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati lisilo na dari nzuri, afikirie mnyama mwingine.

Chakula hakina ubishi mwingi: sehemu kubwa ya mlo wake, kama asilimia 80 na zaidi, iwe nyasi, mbichi au kavu. Nyasi ndizo zinazosaga meno ya nyuma na kusukuma utumbo. Sungura wa kilo 2 atamaliza, pamoja na anazozichafua, kama kilo 5 za nyasi kavu kwa mwezi. Robota la kilo 15, linalouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, linampeleka miezi mitatu. Hata likiuzwa shilingi 9,000, ni 3,000 kwa mwezi. Linunue likiwa la kijani kibichi kidogo na lenye harufu nzuri. Likiwa na vumbi jeupe au harufu ya ukungu, liache. Nyumbani liinue kutoka sakafuni na liwekwe mahali penye hewa, maana unyevu wa pwani unaharibu robota upesi. Nyasi za bure za kando ya barabara zina moshi wa magari na mkojo wa mbwa, na viwanja vingine vimepigwa dawa ya magugu, kwa hiyo kata pale tu unapopajua.

Chakula cha punje cha sungura ni nyongeza: gramu 25 kwa kila kilo ya mwili zinatosha, yaani gramu 50 kwa siku kwa yule wa kilo 2, kilo moja na nusu kwa mwezi. Kwa shilingi 2,000 kwa kilo, ni 3,000. Usimbadilishie kwa chakula cha kuku ili kuokoa. Baadhi ya vyakula vya kuku hutiwa dawa za kuzuia kuhara damu ambazo humdhuru sungura. Pumba za mahindi nazo zina wanga unaovuruga utumbo.

Cha kushangaza kwenye hesabu, kinachokula pesa kuliko vyote ni mboga. Fungu la shilingi 500 kila siku ni 15,000 kwa mwezi, mara mbili na nusu ya nyasi na punje kwa pamoja. Hapa ndipo pa kubana matumizi bila kumdhuru: majani ya karoti na ya koliflawa ambayo wauza mboga huyatupa, matembele kidogo, kotimiri iliyobaki jikoni. Mchicha na spinachi visiwe vya kila siku. Kisamvu kibichi usimpe kabisa, kina sumu ya asili ambayo sisi huiondoa kwa kutwanga na kupika. Parachichi, tunda na majani yake, likae mbali, na vivyo hivyo kitunguu, majani ya nyanya, na yale maua ya sebuleni yenye majani mapana ya madoa meupe.

Chooni, beseni pana lenye ukingo mfupi, magazeti chini na nyasi juu, linatosha. Maranda ya bure kutoka kwa maseremala yanashawishi, lakini mengi ni ya misonobari, na maranda mabichi yenye harufu kali ya utomvu huathiri ini. Mchanga wa choo cha paka unaogandamana ni ghali, na akiumeza unaganda tumboni. Magazeti ya zamani kwa kilo ni bei ya chini kuliko vyote na salama kuliko vyote.

Panapo gharama kubwa ambayo haionekani dukani ni hospitali. Sungura ni mnyama wa kuishi wawili; akiwa peke yake huhuzunika. Lakini dume na jike bila upasuaji ni janga la hesabu: mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Dume ahasiwe, na akae mbali na jike kwa wiki sita baadaye, kwa kuwa mbegu zilizobaki bado zinafanya kazi. Jike naye, asipotolewa kizazi, yumo katika hatari kubwa ya saratani ya kizazi akishavuka miaka mitatu au minne. Upasuaji huo pia ndio unaomfanya atumie beseni na kuacha kukojolea kuta, kwa hiyo hata kwenye hesabu ya usafi unajilipa.

Bei ya upasuaji ulizia kabla hujanunua sungura, tena sehemu mbili au tatu. Lakini usichague kwa bei tu. Muulize daktari kama sungura anyimwe chakula usiku wa kuamkia upasuaji. Jibu sahihi ni hapana: kwa kuwa hawezi kutapika, hakuna faida ya kumfungisha, na utumbo ukikaa mtupu husimama. Muulize kama anaweza kumpa amoksilini ya kunywa. Jibu ni hapana kabisa. Dawa hiyo ikipita tumboni huua bakteria wema na sungura mwenyewe hufuata. Muulize dawa ya viroboto. Akitaja fipronil, ile inayotumiwa sana kwa mbwa, jua kwamba hana uzoefu na sungura, kwa maana kwa sungura dawa hiyo ni sumu. Daktari anayejibu maswali haya matatu bila kusita, hata akiwa ghali kwa theluthi, ndiye wa bei nafuu.

Ukijumlisha, uzio, mikeka, mifereji ya nyaya, mabeseni mawili, bakuli zito la udongo la maji na chupa za barafu vinakaribia shilingi 300,000 mwanzoni. Matunzo ya sungura wawili ni kama 25,000 hadi 40,000 kwa mwezi, kutegemea unapata wapi majani. Mwenye 150,000 mkononi mwezi huu asikimbilie kizimba. Aagize paneli tatu, azibane kwenye kona nyembamba ya chumba kwa muda, atandike mkeka, na aongeze mbili mwezi ujao, sungura akiwa bado kwa anayemuuza. Sehemu ya pesa ibaki pembeni kwa ajili ya usiku mmoja: sungura asiyegusa chakula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, na nauli ya kumfikisha kwa daktari usiku huo iwe tayari ndani ya nyumba, pamoja na namba yake ya simu ukutani.